Alice Hamilton: Daktari aliyewahesabu mafundi rangi wenye sumu ya risasi

Ndugu msikilizaji, kama wewe ni fundi rangi, au una mume, kaka au kijana anayeshinda juu ya ngazi na brashi mkononi, maisha ya mama huyu yanakuhusu. Jina lake ni Alice Hamilton, daktari wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1869 na kufariki mwaka 1970 akiwa na miaka 101.

Hakugundua dawa wala kujenga hospitali. Kilichompa jina ni kazi ambayo mtu anaweza kuiona ndogo: aliwatafuta wafanyakazi waliougua kwa sababu ya kazi yao, akawahesabu mmoja mmoja, kisha akaiweka hesabu hiyo mezani mbele ya matajiri na serikali. Kabla yake, nchini Marekani, fundi rangi aliyepooza mikono alionekana ni mlevi au mtu asiye na bahati. Baada yake, alijulikana kuwa ni mgonjwa mwenye ugonjwa unaojulikana, uliotoka mahali panapojulikana.

Risasi tunayoizungumzia

Tuanze na neno lenyewe. Tukisema risasi wengi hufikiria bunduki. Hapa tunazungumzia madini ya risasi, yale mazito ya kijivu ambayo ndiyo yanayotengenezewa risasi za bunduki, na ambayo yamo pia ndani ya betri za magari.

Madini haya yakichakatwa kwa njia fulani hutoa unga mweupe. Kwa mamia ya miaka unga huo ulichanganywa na mafuta ya kitani kutengeneza rangi ya mafuta. Mafundi waliupenda. Rangi ilifunika vizuri, ilishika kwenye mbao, ilivumilia mvua na jua. Upo pia unga mwekundu wa risasi, uliopakwa kwenye chuma ili kuzuia kutu.

Tatizo ni kwamba risasi ni sumu, na ni sumu yenye subira. Fundi anaivuta na vumbi, au anaila na chakula alichokishika kwa mikono michafu. Siku hiyo hasikii kitu. Mwili unaichukua kidogo kidogo na kuiweka kwenye mifupa, kama mtu anayeweka akiba. Baada ya miezi au miaka, akiba hiyo inaanza kudai. Tumbo linasokota, choo kinakuwa kigumu, damu inapungua, mtu anapauka na kuchoka. Kwenye fizi unaweza kuonekana mstari wa rangi ya bluu na kijivu. Ugonjwa ukikomaa, mishipa ya fahamu ya mikono inaharibika, kiganja kinaning'inia na fundi hawezi tena kuinua brashi. Wengine hupata degedege, wengine huchanganyikiwa, wengine hufa.

Binti wa Fort Wayne

Alice alizaliwa New York tarehe 27 Februari 1869, lakini alikulia mji wa Fort Wayne, katika jimbo la Indiana, kwenye familia yenye uwezo. Walikuwa mabinti wanne na mdogo wao mmoja wa kiume. Dada yake mkubwa, Edith, naye alikuja kuwa maarufu kwa vitabu vyake kuhusu Wagiriki wa kale.

Wazazi hawakuwapeleka watoto shule za kawaida. Walisoma nyumbani lugha, historia na fasihi, lakini sayansi kidogo sana. Alice alipoamua kuwa daktari ilimbidi ajifunze fizikia na kemia karibu kuanzia mwanzo. Alichagua udaktari kwa sababu aliona ni kazi itakayompeleka popote penye watu wenye shida, na itakayomwezesha kujitegemea.

Alihitimu Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1893. Miaka miwili baadaye alikwenda Ujerumani pamoja na Edith kuongeza elimu, katika vyuo vya Leipzig na Munich. Huko wanawake hawakutakiwa madarasani. Aliruhusiwa kusikiliza masomo kwa sharti kwamba asijitokeze mbele ya wanafunzi wa kiume. Alikubali, akasoma, akarudi kwao na elimu yake.

Nyumba iliyomfungua macho

Mwaka 1897 Alice alipata kazi ya kufundisha chuo cha udaktari cha wanawake mjini Chicago. Akaomba chumba katika nyumba iliyoitwa Hull House. Nyumba hiyo ilianzishwa mwaka 1889 na Jane Addams na mwenzake Ellen Gates Starr, katikati ya mtaa wa wahamiaji maskini: Waitalia, Wagiriki, Wapolandi, Wayahudi kutoka Urusi. Wasomi waliishi humo kama majirani wa watu hao, wakafundisha, wakalea watoto, wakapigania maji safi na mishahara.

Alice aliishi pale miaka 22. Alianzisha kliniki ya watoto wachanga, ambako akina mama walileta watoto wao kuogeshwa na kupimwa. Ndipo alipoanza kusikia habari za waume wao. Huyu alilemewa na hewa ya sumu kwenye tanuru la chuma. Yule alipata kichomi baada ya kutoka kwenye machinjio yenye baridi kali. Na walikuwapo mafundi rangi ambao mikono yao haikuinuka tena.

Alipotafuta vitabu vinavyoeleza mambo hayo alikuta vingi vimeandikwa Uingereza, Ujerumani na Ufaransa. Huko madaktari walishaanza kuchunguza magonjwa ya kazini na serikali zilishaweka sheria. Uingereza tangu miaka ya 1890 ilimtaka daktari atoe taarifa kila anapomkuta mfanyakazi wa kiwandani mwenye sumu ya risasi. Marekani haikuwa na kitu kama hicho. Wenye viwanda walijisifu kwamba viwanda vyao ni safi kuliko vya Ulaya, na kwa kuwa hakuna aliyehesabu, hakuna aliyeweza kuwapinga.

Kuwasaka wagonjwa Illinois

Mwaka 1910 jimbo la Illinois, ambalo Chicago imo ndani yake, lilimpa Alice kazi ya kuongoza uchunguzi wa magonjwa ya kazini. Ulikuwa wa kwanza wa aina yake Marekani. Alipewa wasaidizi wapatao 20, madaktari vijana, wanafunzi wa udaktari na wafanyakazi wa ustawi wa jamii. Yeye mwenyewe alichukua upande wa risasi.

Hapakuwa na orodha ya viwanda vinavyotumia risasi. Hapakuwa na sheria ya kumruhusu kuingia kiwandani. Alibisha hodi, akajieleza, akategemea hiari ya mwenye mali. Ndani ya viwanda alipewa jibu moja karibu kila mahali: hapa hatuna mgonjwa, na kama yupo basi ni kwa sababu hanawi mikono au anakunywa pombe.

Alice alijua kwamba mgonjwa wa risasi hapatikani kiwandani. Aliyeugua ameshaacha kazi, na nafasi yake imeshachukuliwa na kibarua mwingine. Kwa hiyo alimtafuta huko aliko. Alipekua madaftari ya hospitali. Alizungumza na madaktari wa mitaani, wauza dawa, mapadri, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, hata watu wa mazishi. Kisha alikwenda hadi nyumbani, akakaa na mke wa mgonjwa jikoni na kumuuliza mumewe alifanya kazi gani hasa, kwenye chumba kipi, na alirudi na vumbi la namna gani kwenye nguo.

Kisa kimoja kinaonyesha jinsi alivyofanya kazi. Hospitalini alikuta jina la Mpolandi mwenye sumu kali ya risasi, aliyesema kazi yake ni kupaka mabeseni ya kuogea ile rangi ngumu inayong'aa. Alice alikwenda kwenye kiwanda alichotajiwa. Alionyeshwa chumba kisafi ambamo watu wanarekebisha mabeseni yaliyopoa, na akaambiwa risasi haitumiki. Angeweza kuandika kwamba mgonjwa yule alikosea. Badala yake alirudi kumuuliza mgonjwa mwenyewe. Akaambiwa kwamba kazi yenyewe hufanyika mahali pengine kabisa, ambako unga hunyunyiziwa kwenye chuma kilichoiva kwa moto. Alitafuta sampuli ya unga huo, ukapimwa, na risasi ikakutwa humo kwa wingi.

Mwisho wa uchunguzi aliorodhesha zaidi ya kazi 70 zinazomweka mtu karibu na sumu ya risasi, na zaidi ya wagonjwa 500. Alikuwa mkali na hesabu yake. Mtu aliyedhaniwa tu kuwa mgonjwa hakumhesabu. Alitaka dalili zilizo wazi au ushahidi wa daktari. Ndiyo maana waliotaka kumpinga walipata taabu.

Mwaka 1911 Illinois ilipitisha sheria. Waajiri katika kazi zenye sumu kama risasi walitakiwa kuweka kinga, kuwapima wafanyakazi wao kila mwezi kwa daktari, na kutoa taarifa za wagonjwa kwa wakaguzi wa serikali. Kwa mara ya kwanza ilikuwapo njia ya kuukamata ugonjwa huo kabla haujamlaza mtu.

Tajiri aliyetaka kuona ushahidi

Mwaka huohuo wa 1910 Alice alihudhuria mkutano Brussels, Ubelgiji, ambako wataalamu wa Ulaya walishangaa kwamba Marekani haina takwimu, haina ukaguzi wala sheria za afya kazini. Kamishna wa kazi wa Marekani, Charles Neill, alikuwapo. Baada ya hapo alimwomba Alice afanye kwa nchi nzima kile alichofanya Illinois. Hakupewa mshahara. Makubaliano yalikuwa kwamba akimaliza ripoti, serikali itainunua.

Alianza na viwanda vya ule unga mweupe wa rangi. Kampuni kubwa kuliko zote ilikuwa National Lead, iliyotangaza rangi yake kwa picha ya mvulana wa Kidachi aliyeshika brashi. Alice alimweleza kiongozi wake mmoja, Edward Cornish, kwamba watu wake wanapata sumu. Cornish hakuamini, lakini alisema akiletewa ushahidi atachukua hatua.

Alice alirudi na wagonjwa 22 kutoka katika viwanda vya kampuni hiyo, wote wameugua kiasi cha kulazwa hospitali. Cornish alitimiza ahadi. Alifunga mitambo ya kuzuia vumbi na moshi, na akaweka madaktari wa kuwaangalia wafanyakazi mara kwa mara.

Hii ndiyo ilikuwa njia ya Alice Hamilton. Alijua watu wengi hawafanyi ubaya kwa makusudi. Wanafanya kwa sababu hawajaona, au kwa sababu kutoona ni nafuu kwao. Kazi yake ilikuwa kuwaonyesha kwa namna ambayo hawawezi tena kugeuza uso.

Fundi rangi, mgonjwa mgumu kumpata

Kiwanda kina geti. Ukijua geti lilipo, unaweza kusimama hapo na kuwahesabu watu wanaoingia. Fundi rangi hana geti. Leo yuko kwenye nyumba ya huyu, wiki ijayo yuko shuleni, mwezi ujao hana kazi kabisa. Akiugua, hakuna bosi mmoja wa kuulizwa wala daktari wa kampuni wa kumpima. Anarudi nyumbani, analala, na ugonjwa wake haumo kwenye daftari lolote.

Mwaka 1913 serikali ya Marekani ilichapisha ripoti ya Alice kuhusu afya katika kazi ya upakaji rangi. Ndani yake alishughulikia swali lililowasumbua mafundi wenyewe: sumu inaingia kwa njia ipi? Wengi waliamini inapita kwenye ngozi ya mikono. Wengine walilaumu harufu ya tapentaini. Alice alionyesha kwamba adui mkubwa ni vumbi.

Hatari haikuwa sana katika kupaka rangi mbichi kwa brashi. Ilikuwa pale fundi anapochanganya unga mkavu na mafuta, na zaidi pale anapopiga msasa rangi iliyokauka. Kila msasa unapopita, rangi inageuka vumbi jepesi linaloelea usoni mwake. Analivuta. Linatua kwenye masharubu, kwenye nguo na kwenye mkate wake wa mchana. Anakwenda nalo nyumbani na kumkumbatia mtoto.

Jibu lake lilikuwa rahisi: msasa upigwe kukiwa na majimaji, vumbi lisiruke. Fundi apewe maji ya moto na sabuni, mahali pa kulia palipo mbali na rangi, na nguo za kazi zinazobaki kazini. Na rangi ya risasi isitumike ndani ya nyumba, kwa kuwa zipo rangi nyeupe nyingine, kama ile ya zinki, zisizo na hatari hiyo.

Mfano mzuri ulitoka kwa kampuni ya Pullman ya Chicago, iliyotengeneza mabehewa ya treni ya kulala. Dari za mabehewa zilipakwa rangi ya risasi tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lilipigwa msasa huku mafundi wameinua nyuso juu. Alice aliambiwa na wafanyakazi, akathibitisha, lakini kampuni haikumsikiliza. Rafiki mmoja wa Hull House, Louise Bowen, alikuwa na hisa katika kampuni hiyo, akatumia nafasi yake kuwabana wakubwa. Walipokubali kuleta madaktari wa kuwapima mafundi, katika nusu mwaka walikuta zaidi ya 100 wenye sumu ya risasi kati ya watu karibu 500. Utaratibu wa kazi ukabadilishwa, mafundi wakaendelea kupimwa. Mwaka uliofuata wagonjwa wapya walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Tafakari jambo hilo, ndugu msikilizaji. Mafundi ni walewale, mabehewa ni yaleyale. Kilichobadilika ni vumbi kuzuiwa na watu kupimwa.

Mkataba wa mwaka 1921

Alice hakuwa peke yake duniani. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 1909 ya kukataza rangi ya risasi nyeupe majengoni, ikaanza kutumika mwaka 1915. Uingereza alikuwapo Thomas Legge, daktari mkaguzi wa viwanda, aliyefanya kazi hiyohiyo ya kukusanya taarifa za wagonjwa.

Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani, likikutana Geneva, lilipitisha mkataba kuhusu risasi nyeupe katika upakaji rangi. Mkataba huo ulikataza rangi hiyo kupakwa ndani ya majengo, isipokuwa sehemu chache kama stesheni za reli na viwanda pale inapolazimu. Ulitaka risasi isiletwe kazini kama unga mkavu, bali kama rangi iliyo tayari au iliyokandwa. Ulitaka kupiga msasa katika hali ya ukavu kuzuiwe kila inapowezekana, mafundi wavae nguo za kazi na wapate mahali pa kunawa.

Kipo pia kifungu ambacho watu hukisahau. Mkataba uliagiza kwamba zikusanywe takwimu za sumu ya risasi kwa mafundi rangi walio kazini: kila mgonjwa atolewe taarifa na kuthibitishwa na daktari, na vifo navyo vihesabiwe. Waliouandika walijua kwamba katazo bila hesabu ni maneno tu. Huwezi kujua kama sheria inafanya kazi kama hujui wangapi wanaugua.

Nchi nyingi zilikubali, lakini Marekani haikuuridhia. Serikali ya Uingereza nayo ilikataa, na Thomas Legge akajiuzulu kazi yake mwaka 1926 kwa sababu hiyo.

Mlango wa Harvard na petroli yenye risasi

Mwaka 1919 Chuo Kikuu cha Harvard kilitaka kufundisha udaktari wa kazini. Aliyeijua kazi hiyo kuliko wote nchini alikuwa Alice Hamilton, nacho Harvard hakikuwahi kuajiri mwanamke kufundisha. Walimchukua, lakini kwa masharti: asiingie klabu ya walimu, asidai tiketi za mechi za mpira, na asiandamane na wenzake siku ya mahafali. Alifundisha huko hadi alipostaafu mwaka 1935. Miaka yote hiyo hakupandishwa cheo hata mara moja.

Alikubali nusu ya mwaka tu ya kufundisha, ili nusu nyingine aendelee na uchunguzi. Mwaka 1925 alitoa kitabu kikubwa kuhusu sumu za viwandani Marekani. Mwaka huohuo alisimama Washington, kwenye mkutano ulioitwa na mganga mkuu wa serikali, kupinga mpango wa kuchanganya risasi kwenye petroli ya magari. Alionya kwamba risasi ikishaingia kwenye moshi wa magari, haitakuwa tena tatizo la viwandani tu bali la kila anayepita barabarani.

Hapo alishindwa. Petroli yenye risasi ikaruhusiwa na kuenea dunia nzima, hadi kwetu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwaka 2021. Ilichukua karibu miaka 100 dunia kufika pale ambapo mama huyu alitaka ianzie.

Miaka ya mwisho

Baada ya kustaafu aliishi Hadlyme, kijiji cha jimbo la Connecticut kando ya mto, pamoja na mdogo wake Margaret. Aliendelea kuishauri serikali, na mwaka 1943 alichapisha kitabu cha maisha yake mwenyewe.

Alifariki tarehe 22 Septemba 1970. Miezi mitatu baadaye, tarehe 29 Desemba, rais wa Marekani alisaini sheria ya taifa ya usalama na afya kazini, inayompa mkaguzi wa serikali haki ya kuingia kiwandani. Haki hiyo Alice hakuwa nayo alipobisha hodi mwaka 1910. Mwaka 1978 Marekani ilipiga marufuku rangi yenye risasi katika nyumba za kuishi. Mwaka 1993 ndipo wafanyakazi wa ujenzi, wakiwamo mafundi rangi, walipowekewa kanuni yao ya kupimwa risasi kwenye damu. Hata katika nchi tajiri, fundi rangi alifikiwa nyuma ya wenzake wa viwandani.

Fundi rangi wa leo afanye nini

Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, linapendekeza rangi isizidi sehemu 90 za risasi katika sehemu milioni moja. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Lakini milango, madirisha na mageti mengi yalipakwa zamani, na fundi haambiwi kuna nini chini ya rangi anayoikwangua. Aliyoyaonyesha Alice Hamilton bado yanafaa.

Usipige msasa rangi ya zamani ikiwa kavu. Lowesha kwanza, na futa taka kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia. Usiunguze rangi ya zamani kwa moto ili kuibandua, maana moshi wake una sumu. Kwa sababu hiyohiyo, mama usipikie kuni za mbao zilizopakwa rangi. Fundi asile wala kuvuta sigara kabla ya kunawa kwa sabuni. Avue nguo za kazi kabla ya kumbeba mtoto, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Watoto na mama wajawazito wakae mbali na mahali panapokwanguliwa rangi, kwa kuwa risasi huharibu ubongo wa mtoto unaokua. Dukani, uliza rangi isiyo na risasi na soma maandishi kwenye kopo.

Ukienda zahanati na tumbo lisilopona, uchovu au ganzi ya mikono, mwambie daktari kazi yako. Usiseme tu kwamba unaumwa tumbo. Sema mimi ni fundi rangi, nimepiga msasa miaka kadhaa. Kipimo cha risasi ni cha damu, na si kila kituo kinacho, hivyo omba ushauri wa kupelekwa hospitali kubwa. Daktari asipojua kazi yako anaweza kukutibu minyoo au vidonda vya tumbo mwaka mzima, nawe kila Jumatatu unarudi kwenye vumbi lilelile.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa sumu ya risasi, mara nyingi si mgonjwa anayeficha. Ni maradhi yenyewe yanajificha, kwa sababu fundi yuko peke yake na hakuna anayeandika jina lake. Mafundi mnaofanya kazi kijiji kimoja mnaweza kuanza wenyewe: mjuane, muulizane hali, na mwenzenu wa tatu akilalamika tumbo lilelile, nendeni pamoja kituo cha afya mkaeleze kazi mnayofanya. Alice Hamilton naye alianzia hapo, kwa kubisha mlango wa nyumba moja na kuuliza.